Waitikiaji wa Shimoni

Miiba ile niliitoa mimi. Katika ripoti iliyopelekwa ofisi ya elimu, mwalimu mkuu aliandika kwamba ua "ulikuwa umeondolewa", na najua aliandika hivyo kwa kunihurumia. Lakini ua haujiondoi. Jumamosi moja asubuhi nilivaa glavu nilizotoka nazo kwetu Embu, nikashika panga, nikaenda na wanafunzi wa Kidato cha Tatu, tukavuta tawi baada ya tawi mpaka mdomo wa shimo ukawa wazi. Tuliifanya kazi hiyo huku tukiimba.

Shule yetu ni ya kutwa, ya wavulana na wasichana, kusini mwa Garissa kwenye barabara iendayo Kotile. Barabara ilipokuwa ikitengenezwa, matingatinga yalichimba changarawe nyuma ya shule, yakaenda zake, yakaacha shimo lenye umbo la bakuli lililokatwa katikati. Upande mmoja ulikuwa wima kama ukuta. Upande wa pili ulishuka kwa vidato, na kila kidato kilikuwa na upana wa kumtosha mtu kukaa. Chini kulikuwa na uwanja bapa, mwekundu, mkavu kabisa, maana mvua ilikuwa imetukimbia msimu baada ya msimu.

Aliyelizungushia miiba alikuwa mama mmoja muuza maziwa, mjane, aliyeishi karibu na hapo katika nyumba ya mikeka na turubai. Ngamia wa jirani alikuwa ametumbukia humo akavunjika miguu yote ya mbele, wakamchinja papo hapo. Kesho yake huyo mama alianza kukata matawi ya migunga na kuyaburuta peke yake mpaka akaziba pande zote. Hakuna aliyemtuma wala aliyemshukuru.

Mimi nilikuwa katika mwaka wangu wa nne pale, nikifundisha Kiswahili na Historia. Walimu wenzangu wa kutoka bara wengi walikuwa wamekwisha kuhama. Kila kukitokea shambulio barabarani la kuwalenga watu wasio wenyeji, hata mbali kule Mandera, wawili watatu walifunga virago. Tuliobaki tuliishi katika nyumba za ndani ya ua wa shule, tukienda sokoni kwa makundi na kurudi mapema. Wenyeji nao walikuwa na yao. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliwashusha garini wao, Wasomali, wakawaacha wengine wameketi, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioachwa wameketi. Niliona haya, lakini niliendelea kuketi.

Ilikuwa katika hali hiyo nilipoanza kufikiria habari za Wagiriki wa kale.

Katika chuo kikuu nilifundishwa na mhadhiri mmoja mzee aliyekuwa mgonjwa wa mapenzi ya tamthilia zao. Wengine walitusomea noti tu: tanzia ni nini, ramsa ni nini, mwigizaji wa kwanza alijitenga vipi na waimbaji. Yeye alitupeleka kwenye mteremko nyuma ya maktaba, akatupanga juu yake, akamwambia msichana mmoja ashuke chini anong'one jina la kijiji chao. Tulilisikia sote. "Kumbi zao zilikuwa hivi," alisema. "Mlima wenyewe ndio uliokuwa ukumbi. Mji mzima uliacha kazi, ukaketi juu ya mawe kuanzia asubuhi, ukatazama mtu mkubwa akiangamia. Kwa nini watu wenye akili wafanye hivyo?"

Jibu lake mwenyewe nililiandika daftarini na nikaishi nalo miaka mingi. Alisema walikwenda kuoshwa. Waliogopa pamoja, wakahurumia pamoja, wakarudi nyumbani wepesi. Akatuambia kwamba wakati fulani, miaka michache tu baada ya vita, watu wa mji ule waliketi wakatazama mchezo uliowaonyesha adui zao wenyewe, wale waliokuja kuwachomea nyumba, wakiombolezea watoto wao waliokufa vitani. Hawakuzomea. Walisikiliza kilio cha mama wa adui.

Jambo hilo ndilo lililonishika. Nilijiambia kwamba kama watu wa zamani vile waliweza, sisi tutashindwaje? Nikawaona askari wa kile kituo kidogo cha barabarani, na wafugaji, na walimu wa bara, na wanawake wa maziwa, wote wameketi kwenye mteremko mmoja. Na mteremko ulikuwepo nyuma ya shule, umezibwa kwa miiba.

Nilikwenda kwa yule mama. Nilimjua kwa sababu nilinunua maziwa yake, na kwa sababu binti yake alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimwita *hooyo*, mama, kama binti yake alivyomwita. Yeye aliniita *abaayo*, dada. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p ikigeuka b na v ikigeuka f, lakini alikuwa akijua hasa anachotaka kusema.

"Abaayo, hii shimo ilikula ngamia ya mtu," alisema.

"Najua, hooyo. Tutalitumia mchana tu, na mimi mwenyewe nitakuwepo. Tukimaliza mashindano ya maigizo ya shule nitairudisha miiba."

"Nani atarudisha?"

"Mimi. Kwa mikono yangu."

"Sema wallahi."

"Mimi ni Mkristo, hooyo. Sisi tunakatazwa kuapa."

Akacheka kidogo. "Basi sema tu bila wallahi."

"Nitairudisha," nikasema.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na saba. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na ukimtazama haraka ungedhani amelala. Lakini akisoma kwa sauti, darasa zima lilinyamaza. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, haikuharakishwa na kitu chochote. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba yeye ndiye atakayewaongoza wenzake.

Kosa langu la kwanza, dogo, lilikuwa neno. Niliwaambia wanafunzi kwamba tamthilia za Wagiriki zilikuwa na kwaya. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika msikitini kwamba mwalimu wa Kikristo anataka kuwafunza wasichana wa Kiislamu kuimba kwaya. Kesho yake maalim wa madrasa alikuja shuleni, mtu mwembamba mwenye ndevu za hina, akaketi ofisini mbele yangu.

"Hao watu wa Ugiriki," alisema, "walikuwa wakiabudu nini?"

Sikumdanganya. "Waliabudu miungu mingi, maalim. Na maonyesho haya yalifanywa katika sikukuu ya mmoja wao, mungu wa mvinyo."

"Mvinyo," akasema. "Na unaona ni sawa kutuletea?"

"Sileti jina la mungu wao wala mvinyo wake. Nataka watoto wasimame wazungumze mbele ya watu kuhusu mambo yanayotuumiza. Wasichana watasimama peke yao, na nguo zao hizi hizi. Na hatutaiita kwaya. Tutawaita waitikiaji."

Nilikuwa nimetengeneza barakoa za kadibodi, kwa sababu Wagiriki walivaa barakoa. Aliziona juu ya kabati. Akaniomba nisizitumie, kwamba zina sura kama za masanamu. Niliziweka kando, na kusema kweli sikupoteza kitu. Wasichana kumi na wawili waliposimama chini shimoni katika jilbabu zao za kijani za shule, nyuso tu zikionekana, walikuwa kitu kimoja kuliko ambavyo barakoa zingewafanya.

Alipokuwa akiondoka maalim alisema, "Lakini mwalimu, sisi Wasomali tuna mashairi tangu zamani. Muulizeni huyo mama wa maziwa."

Tulimwuliza, na ndivyo alivyoingia katika kazi yetu. Alikuwa akijua *buraanbur*, ushairi wa wanawake wa Kisomali, unaoghaniwa arusini na katika misiba. Alikuja mazoezini na kibuyu chake, akaketi kwenye kidato cha tatu cha mteremko, akasikiliza mistari niliyokuwa nimeiandika, akatikisa kichwa.

"Hii inakimbia kama mbuzi," alisema. "Maneno ya huzuni inatembea kama ngamia."

Akaigonga ile mizani kwa kiganja juu ya kibuyu. Binti yake akaifuata. Wengine wakamfuata binti. Kuanzia siku hiyo mistari yangu ikawa na uhai ambao mimi singeweza kuupa.

Hadithi tuliitunga pamoja darasani, kwa sababu Wagiriki walichukua hadithi ambayo watu wanaijua tayari. Mzee mwenye kisima, wakati wa ukame, anamnyima maji kijana mgeni kwa sababu si wa ukoo wake. Kijana anaondoka, anafia njiani. Baadaye mzee anagundua kwamba alikuwa mwanawe, aliyechukuliwa akiwa mchanga. Wasichana walikuwa wanawake wanaongoja foleni kisimani na mitungi yao. Wanaona kila kitu tangu mwanzo, wanamwonya mzee, hawasikilizwi, na hawaruhusiwi kuondoka. Kifo chenyewe hakionyeshwi. Katika michezo ile ya kale watu hawakuuawa mbele ya watazamaji. Mjumbe alikuja akaeleza. Nilimfundisha mvulana aliyekuwa mjumbe kwa wiki nzima. "Usilie," nilimwambia. "Usiharakishe. Anza mwanzo, fuata mpangilio, sema ulichokiona. Wao ndio watakaolia."

Tulionyesha siku ya Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Watu walikuja wengi kuliko nilivyothubutu kuomba. Wanaume walikaa upande wa kulia, wanawake kushoto. Askari wanne wa kile kituo walikuja wakakaa kidato cha juu kabisa, bunduki zikiwa mapajani, na kwa dakika kumi za kwanza kila mtu aligeuka geuka kuwaangalia. Baada ya hapo waliacha kugeuka.

Yule binti alipoanza, hakuinua sauti. Aliiacha tu itembee, na ukuta wa upande wa pili ukairudisha kwa watu. Mjumbe aliposema kijana alikutwa amelala ubavu, mkono wake umechimba mchanga, nilisikia mwanamke mmoja akisema "*Hooyoy*" kwa sauti ya ndani. Nilitazama juu. Askari mmoja, jitu la mtu kutoka Bonde la Ufa, alikuwa amevua kofia na kujifutia uso nayo. Hatua mbili chini yake mzee mfugaji alikuwa amejifunika macho kwa kiko cha mkono. Nikajiambia: imewezekana. Yule mhadhiri hakukosea. Wanaoshwa.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na leo naiona kama aibu.

Katika mashindano mjini Garissa tuliondolewa mapema. Waamuzi waliandika kwamba waitikiaji "wanachelewesha vitendo". Ndani ya basi wasichana walinuna, lakini kiongozi wao alikuwa mtulivu. "Hawakukaa shimoni, mwalimu," alisema. "Waliketi kwenye viti." Akaniuliza kama tunaweza kuonyesha tena nyumbani, mara moja tu, kwa ajili ya watu wa vijiji vya mbali waliokosa. Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo sikuirudisha miiba. Mama yake alinikumbusha mara mbili. Mara ya kwanza nilisema tunangoja onyesho la pili. Mara ya pili alinikuta nasahihisha mitihani, akasimama mlangoni.

"Abaayo, mfua inakuja. Naona kule Tana mawingu."

"Wiki ijayo, hooyo. Nikimaliza hizi karatasi."

"Haya," alisema, akaenda zake.

Mvua ilikuja Ijumaa hiyo. Wote tuliishukuru. Watoto walicheza uchi barabarani, wafugaji walinyoosha mikono juu. Ilinyesha siku tatu mfululizo, na bomba la maji la kijiji, ambalo hata siku njema lilikuwa linasuasua, likapasuka. Jumatatu jua lilitoka. Shimo lilikuwa limejaa maji mekundu karibu nusu, na vile vidato vyetu vilishuka moja kwa moja ndani yake, kama vimejengwa kwa ajili ya wachota maji.

Nilikuwa nafundisha, saa tano asubuhi. Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Aliingia mmoja wa wale waitikiaji, jilbabu imelowa mpaka kifuani, miguu mitupu. Hakulia na hakuharakisha. Alisema, "Mwalimu, tulienda kuchota maji wakati wa mapumziko. Kidato kilimeguka. Ameingia na hajatoka." Hakutaja jina, na sote tulijua.

Tulikimbia. Maji yalikuwa yametulia. Mtungi wa njano ulikuwa unaelea katikati. Vijana wa soko walijitosa, lakini huku kwetu walio wengi hawajui kuogelea, na matope ya chini yalikuwa mazito. Walifunga kamba ya kuvutia maji ya ngamia kiunoni mwa mmoja wao, akazama, akatoka, akazama. Walimtoa karibu na adhuhuri. Nguo ilikuwa imemzonga miguu. Mmoja wa wazee alivua shuka lake akamfunika haraka kabla wanaume wengi hawajakaribia.

Mama yake alikuwa sokoni. Mwalimu mkuu, ambaye ni mwenyeji, alisema atatuma wazee wawili. Nikasema nitakwenda mimi. Alinitazama kama anayetaka kukataa, halafu akaniachia njia.

Wanawake wa maziwa wanakaa chini ya paa la magunia, wamepanga vibuyu mbele yao. Nilitembea kuelekea kwao nikijaribu kupanga maneno. Anza mwanzo. Fuata mpangilio. Sema ulichokiona. Nilikuwa nimelifundisha hilo wiki nzima. Lakini aliponiona nikija saa za darasa, bila shungi nililovaa kila nikienda sokoni, alisimama kabla sijafika.

"Mtoto yangu?" alisema.

"Hooyo..."

"Sema."

"Maji, hooyo. Maji ya shimo."

Hakupiga kelele. Aliketi tena chini taratibu, akaweka mkono juu ya mdomo wa kibuyu kilichokuwa wazi, kama kuzuia vumbi lisiingie. Wenzake ndio waliolia. Kisha alisema maneno yale ambayo Mwislamu huyasema kwenye kifo, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tunarejea, akayasema mara mbili.

Walimzika alasiri ile ile. Wanawake hatukwenda makaburini. Niliketi nyumbani kwake kwenye mkeka kati ya majirani, na kila aliyeingia alisema "*samir iyo iimaan*", subira na imani, na mimi pia waliniambia, kana kwamba nimefiwa. Mtu akanipa chai. Niliishika mpaka ikapoa.

Siku ya tatu nilimkuta peke yake kwa muda mfupi. Nilipiga magoti mbele yake.

"Ni mimi niliyeitoa ile miiba," nikasema. "Ulinikumbusha mara mbili. Ni mimi, hooyo."

"Ni qadar," alisema. "Ameandikiwa siku yake."

"Kama miiba ingekuwepo asingeshuka."

"Angebita mahali ingine. Siku ni siku, abaayo. Usijiweke mahali ya Mungu."

Nilitaka anipige. Nilitaka aniambie niondoke asinione tena. Alinishika tu bega, mkono wake mwepesi kama hauna mfupa, akaniambia niende nikale kitu.

Wenzangu wa bara walinishauri nipande basi la kwanza nisirudi. Walisema ndugu wa yule binti wakiamua kwamba mimi ndiye niliyemuua, nani atanilinda? Hakuna aliyekuja kunidhuru. Kilichotokea ni kingine. Kaka zake huyo mama, wazee wawili, walisafiri kutoka Lafey, mbali kule mpakani, kuja matangani. Safari iliwachukua siku mbili kwa barabara mbovu. Walipofika kwenye kizuizi chetu walishushwa. Kitambulisho cha mmoja kilikuwa kimechakaa hakisomeki. Waliketishwa chini, kwenye jua, mikono kichwani, tangu saa nne mpaka karibu saa nane. Mwalimu mkuu alipopata habari alikwenda kuwaombea, nami nikafuatana naye.

Askari aliyekuwa amesimama juu yao alikuwa yule aliyejifutia uso kwa kofia.

Nilimwambia, "Afande, hawa ni wajomba wa yule binti. Yule aliyeongoza shimoni. Ulimsikiliza."

"Namkumbuka," alisema. "Pole sana, mwalimu. Alikuwa na sauti." Kisha akanionyesha simu yake. "Lakini agizo limetoka juu. Kila mtu wa kutoka upande huo akaguliwe." Na hakuwainua mpaka mkubwa wake alipofika.

Nilisimama pale nikiwatazama wale wazee, mmoja akitetemeka mikono kwa kuishikilia juu. Lile nililokuwa nimelijenga kichwani tangu chuoni lilianguka pale pale. Yule mtu alikuwa amelia kweli. Sikuota. Alilia, akaoshwa, akarudi kazini akafanya kile alichokuwa akifanya kabla. Na nadhani wale watu wa kale nao walikuwa hivyo hivyo. Walimlilia mama wa adui mchana, na mwaka uliofuata wakatuma merikebu zao kwenda kuwatoa machozi mama wengine. Yule mhadhiri hakutuambia sehemu hiyo, au alituambia nikakataa kuiandika.

Kuna jambo jingine alilotufundisha, nami nikalifundisha. Kwamba mtu wa tanzia si mwovu. Ni mtu wa kawaida, pengine mwema, anayekosea, kama mpiga mshale aliyelenga akapiga pembeni. Zamani nililisoma darasani kwa sauti nzuri. Sasa naona kwamba ni faraja ya walioketi juu kwenye vidato. Anayetazama anasema maskini, alikosea tu. Aliye chini uwanjani hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa hakuwa mwovu. Ningekuwa mwovu, angalau ningejua pa kuanzia kutubu. Mimi nilikuwa na karatasi za kusahihisha.

Kabla ya arobaini kufika, yule mama alichukuliwa. Kaka zake walisema mwanamke hawezi kukaa peke yake kando ya shimo lililommeza mwanawe. Waliuza mbuzi wake waliobaki, wakakunja mikeka na turubai. Asubuhi ya safari nilikwenda kumuaga. Alikuwa ameketi juu ya mzigo wake kando ya barabara.

"Utakuja Lafey?" aliniuliza, na nadhani aliuliza kwa adabu tu, kwa sababu sote tulijua kwamba mwalimu wa bara hapandi basi la kwenda Lafey.

"Nitajaribu, hooyo."

"Usiseme utajaribu," alisema kwa upole. "Sema habana njia."

"Hakuna njia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Lori lilifika wakampandisha. Kwa miezi miwili nilimpigia simu kila Ijumaa, nikasikia upepo na mbuzi na sauti yake ikisema nabad, nabad, amani. Kisha namba ikaacha kupatikana. Niliuliza kwa kila niliyemjua anayetoka kule. Mmoja alisema wamehama na mifugo, hajui upande gani.

Shimo limejazwa kifusi sasa, kazi iliyofanyika kwa siku mbili tu mara ilipoamuliwa. Chama cha maigizo kilivunjwa na hakuna aliyelalamika. Nimeomba uhamisho, nikajibiwa ningoje mwalimu wa kuchukua nafasi yangu, na hakuna anayetaka kuja. Kati ya wale wasichana, wawili wameolewa, wengine wamehamia mjini, na watano wamebaki nami katika Kidato cha Nne. Hawakai pamoja. Nikiingia darasani hawanitazami, nami siwatazami.

Muhula huu ilinibidi kufundisha tena mada ya chimbuko la tamthilia, kwa sababu iko kwenye silabasi. Niliiandika ubaoni kwa vichwa vya habari: Ugiriki, jukwaa, waitikiaji, mjumbe, tanzia. Wakanakili. Kipindi kilipokwisha, yule aliyeniletea habari siku ile alibaki nyuma.

"Mwalimu," alisema, "tunaweza kuigiza tena? Hapa darasani tu. Kwa ajili yake."

"Hapana."

"Mimi bado nakumbuka sehemu zake zote. Lakini zinaanza kunitoka."

Nilikuwa nafuta ubao. Niliendelea kuufuta hata palipokuwa pamekwisha kuwa safi.

"Ziache zikutoke," nikamwambia.

Akachukua daftari lake, akatoka kuungana na wenzake uani.